Dereva wa lori, kisukari na ukuta wa mshipa wa shingo: je, dawa ndizo zilizounenepesha?

"Daktari, mimi ni dereva wa lori, nina miaka 52. Nyumbani ni Tororo, ila wiki nyingi niko barabarani kati ya Mombasa na Kampala. Nina kisukari, huu ni mwaka wa saba. Natumia metformini ya miligramu 500 mara mbili kwa siku na glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi. Mwezi uliopita nilipimwa mwili mzima kwenye kliniki moja ya Kampala, wakanipiga skani ya shingo. Karatasi inasema ukuta wa mshipa upande wa kulia ni milimita 1.1, kushoto 1.0, hakuna bonge la mafuta. Presha ilikuwa 152/94, sukari ya miezi mitatu asilimia 8.6, kolesteroli mbaya 3.6. Daktari alikuwa na foleni ya watu, akaniambia tu mishipa imeanza kunenepa, niendelee na dawa. Shemeji yangu ni fundi. Anasema ni hizo dawa zenyewe, ukizimeza miaka mingi zinagandia ndani ya mishipa kama masizi kwenye ekzosi. Nimeacha metformini wiki tatu sasa, nakunywa maji ya mululuza, yale majani machungu, na mlonge. Glibenklamidi nameza nikisikia sukari imepanda. Dereva mwenzangu anajua mtu anayeuza pioglitazoni, anasema inasafisha mishipa. Sigara navuta tano sita kwa siku nikiwa safarini. Naomba kujua: dawa ndizo zimeninenepesha mishipa? Na ipo dawa ya sukari ya kuirudisha ilivyokuwa?"

Ndugu yangu, nianze na mambo mawili yasiyongoja maelezo. Kama hujawahi kuambiwa kwamba figo zako zina kasoro, rudi kwenye metformini leo, pamoja na chakula cha jioni. Na kuanzia sasa usimeze tena glibenklamidi kwa kusikiliza mwili. Ama uimeze asubuhi na chakula kama ulivyoandikiwa, ama, siku ambayo hujui utakula saa ngapi, uiache kabisa mpaka uonane na daktari. Sababu zake zinakuja, lakini ningependa hayo yawe yameshaamuliwa kabla hujamaliza kusoma.

Sasa wasiwasi wako. Umeambiwa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umenenepa, na hukuelezwa maana yake. Mtu akiachwa hivyo hutafuta jibu kwa aliye karibu, na aliye karibu nawe ni shemeji. Simlaumu. Fundi anaufikiria mshipa kama bomba: kinachopita ndani huacha uchafu ukutani. Lakini dawa hizi hazipiti hivyo mwilini. Metformini ikishaingia kwenye damu hufanya kazi yake kubwa kwenye ini, ikilizuia lisimwage sukari kupita kiasi, kisha figo huitoa kwenye mkojo kama ilivyo, bila hata kuvunjwavunjwa. Nusu ya iliyomo kwenye damu huwa imeondoka kwa muda wa saa sita hivi. Glibenklamidi nayo huvunjwa na ini, mabaki yake yakatoka kwa choo na mkojo. Hakuna kinachobaki kikagandia ukutani. Vidonge ulivyomeza mwaka jana vilishatoka mwilini mwaka huo huo.

Kwa nini basi watu wengi huona dawa na mishipa mibovu vikienda pamoja? Wewe umeona ajali nyingi barabarani. Kila penye lori lililopinduka utaikuta bredauni, na hakuna anayesema bredauni ndiyo iliyolipindua. Dawa za kisukari zinakutwa kwa watu wenye mishipa minene kwa sababu kisukari kilifika hapo kwanza. Na kilifika mapema kuliko unavyodhani. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS, ulioanza mwaka 1977 na kuwafuatilia watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari, ulikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa na dalili za madhara tayari siku ile ile ya kugunduliwa. Ugonjwa ulikuwa umewatafuna miaka kadhaa kimyakimya. Miaka yako saba ni ya kuujua tu. Kuugua kwenyewe huenda kulianza mapema zaidi.

Nikueleze sasa kinachotokea ukutani, maana ukikielewa hicho mengine yatajipanga yenyewe. Mshipa wa ateri ni nyama hai yenye tabaka tatu. La ndani kabisa limetandikwa chembe nyembamba, laini, ambazo hutoa hewa fulani inayoulegeza mshipa ili damu ipite bila kusukumana. La kati ni misuli. La nje ni ngozi ngumu ya kuushikilia. Skani yako ilipima tabaka mbili za kwanza kwa pamoja. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, hujibandika kwenye protini za ukuta na kuzikakamaza, na zile chembe za ndani hupungukiwa na uwezo wa kulegeza mshipa. Zikishadhoofika, kolesteroli mbaya hupenya na kutuama chini yake. Mwili huiona kama mgeni na kutuma askari wake, chembe nyeupe za damu, waimeze. Wanaimeza mpaka wanavimbiwa nayo na kukwama humohumo. Huo ndio mwanzo wa bonge la mafuta, na ndilo ambalo kwako halijaonekana.

Presha inafanya kazi nyingine, na katika karatasi yako mimi naiona hiyo kuliko sukari. Mtazame mpakizi wa mizigo aliyebeba magunia miaka kumi, mikono yake imekuwa minene. Misuli ya tabaka la kati hufanya vivyo hivyo inaposukumwa kwa nguvu kila pigo la moyo, usiku na mchana. Inanenepa ili ihimili. Kwa hiyo sehemu ya ile milimita 1.1 inaweza kuwa ni misuli iliyojijenga kuvumilia presha, wala si mafuta. Ongeza moshi wa sigara, ambao huzichoma zile chembe za ndani moja kwa moja, na umri, ambao hunenepesha ukuta wa kila mtu kidogo kidogo hata akiwa mzima. Hao ndio washitakiwa wako: sukari ya miaka mingi, presha, kolesteroli, moshi na miaka 52. Dawa hazimo.

Milimita 1.1 ni nyingi kiasi gani? Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76 hivi. Ukuta wako ni kama kadi moja na karibu nusu. Wataalamu wa presha wa Ulaya walizoea kuhesabu kilichozidi 0.9 kuwa ni alama ya mishipa kuanza kuumia, kwa hiyo umevuka mstari, na sitakudanganya kwamba si kitu. Lakini kuvuka mstari huo si sawa na kuziba. Njia ya damu yenyewe ina upana wa milimita kadhaa, na damu yako inapita. Karatasi inakuambia kwamba mzigo umeshaanza kuacha alama, basi.

Huenda hakuna aliyekuambia hili, nalo litakuokolea fedha: usirudie skani hiyo baada ya miezi sita kuona kama imepungua. Mabadiliko ya mwaka mzima huwa madogo kuliko tofauti inayoletwa na mkono wa mpimaji. Mpimaji akishika kifaa pembeni kidogo, umepata au umepoteza sehemu ya milimita bila mshipa kubadilika hata chembe. Vyama vikubwa vya madaktari wa moyo vya Marekani viliandika kwenye mwongozo wa mwaka 2013 kwamba kipimo hiki kisitumike kila siku kumkadiria mtu hatari yake. Kinafaa sana kwenye utafiti, ambako wanapimwa mamia ya watu na makosa ya mikono yanafutana. Kwa mtu mmoja kinatoa habari mara moja, na wewe habari umeshaipata.

Swali lako la pili, kama ipo dawa ya sukari ya kuurudisha ukuta ulivyokuwa, limeshughulikiwa na watafiti kwa miaka mingi. Nitakupa majibu yao bila kuyapamba.

Metformini kwanza. Katika UKPDS, wagonjwa wanene waliopewa metformini walipata mshtuko wa moyo kwa asilimia 39 pungufu kuliko wenzao walioanza kwa kudhibiti chakula peke yake. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1998, na watu hao walipofuatiliwa miaka kumi zaidi, faida ilikuwa bado ipo. Hiyo ndiyo dawa uliyoiacha. Lakini watafiti wa Glasgow walipojaribu kuona kama inapunguza unene wa ukuta wa shingo, kwa watu 173 wenye maradhi ya moyo lakini wasio na kisukari, baada ya miezi 18 hawakukuta tofauti yoyote. Kwa hiyo nakuambia yote mawili: metformini hainenepeshi mshipa, na hakuna ushahidi thabiti kwamba inaupunguza. Inakulinda kwa njia nyingine.

Pioglitazoni. Mwenzako hakulitoa neno lake hewani. Mwaka 2006 ulitangazwa utafiti uliofanyika Chicago kwa watu 462 wenye kisukari, nusu wakipewa pioglitazoni na nusu glimepiridi, ambayo ni ndugu wa glibenklamidi yako. Baada ya wiki 72, ukuta wa shingo wa wale wa glimepiridi ulikuwa umeongezeka kwa milimita 0.012, na wa pioglitazoni haukuongezeka. Sasa ipime tofauti hiyo. Karatasi moja ya daftari ina unene wa kama milimita 0.1. Tunazungumzia sehemu moja ya nane ya karatasi. Kuzuia kusiongezeke ni jambo jema, lakini hakuna kilichosafishwa pale. Na dawa hiyo ina gharama yake mwilini: huzuia maji yasitoke, miguu ikavimba, uzito ukapanda, na moyo uliokuwa umechoka unaweza kushindwa kabisa. Moyo uliobeba presha ya 152 kwa miaka usiyoijua haufai kuanzishiwa pioglitazoni bila kusikilizwa na kupimwa. Ufaransa iliiondoa mwaka 2011 kwa hofu ya saratani ya kibofu. Nchi nyingine bado zinaitumia, na daktari anaweza kuichagua kwa mgonjwa inayemfaa. Usiinunue kwa mtu wa barabarani. Hujui kilichomo, na hata kama ni yenyewe, hakuna atakayekuangalia miguu wala moyo.

Insulini nayo watu wanaiogopa kwa sababu ile ile ya mishipa. Utafiti wa Amerika uitwao DCCT uliwachukua vijana na watu wazima 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, kati ya 1983 na 1993, nusu wakidhibitiwa sukari kwa insulini nyingi na kwa makini. Miaka kadhaa baadaye kuta za mishipa yao ya shingo zilikuwa zimenenepa polepole kuliko za wenzao, na baadaye tena matukio ya moyo na kiharusi yalikuwa asilimia 42 pungufu. Huo ni ushahidi mzuri kwamba kinachonenepesha ni sukari. Nawe uzingatie neno "baadaye". Mshipa una kumbukumbu ndefu. Unayoufanyia leo utakulipa ukiwa na miaka 60.

Hilo lisikufanye ukimbie. Mwaka 2008 utafiti mwingine wa Marekani na Kanada, ACCORD, wenye watu zaidi ya 10,000, ulijaribu kuishusha sukari ya miezi mitatu chini ya asilimia 6 kwa nguvu zote. Waliosukumwa hivyo wakafa wengi kuliko wengine, na sehemu hiyo ikasimamishwa. Wewe uko 8.6. Ukifika 7 hivi, polepole, bila sukari kuanguka, utakuwa umefanya vizuri sana.

Zipo dawa mpya, nami nazipenda kwa mgonjwa anayezimudu. Empagliflozini, inayomwaga sukari kwenye mkojo, ilijaribiwa kwa watu 7,020 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa, na matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha vifo vya moyo vimepungua kwa asilimia 38. Sindano za aina ya liraglutaidi nazo zimepunguza vifo vya moyo. Lakini bei yake kwa mwezi ni mzigo mzito kwa mfuko wa kawaida wa Uganda, sindano zinataka ubaridi kabla ya kufunguliwa, na empagliflozini itakukojoza mara nyingi, jambo ambalo dereva aliyebanwa kwenye foleni ya Malaba anapaswa kulijua mapema. Ukizipata, vizuri. Ukizikosa, usijione umehukumiwa.

Maana, ndugu yangu, nimeisoma karatasi yako mara mbili, na kilichonisumbua hakimo kwenye maswali yako. Umeniuliza kuhusu dawa za sukari tu. Una presha ya 152/94 na kolesteroli mbaya ya 3.6, na katika dawa ulizonitajia hakuna hata moja ya presha wala ya kolesteroli. Hapo ndipo ilipo nafasi kubwa ya kuuokoa mshipa huo.

Ushahidi upo. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa wenyeji wa asili wa Marekani 499 wenye kisukari. Nusu walishushwa presha na kolesteroli kwa bidii kubwa, nusu kwa kiwango cha kawaida. Baada ya miaka mitatu, kuta za shingo za kundi la kawaida zilikuwa zimenenepa kwa milimita 0.038, na za kundi la bidii zilikuwa zimepungua kwa 0.012. Umeona? Ulikuwa unatafuta dawa ya sukari ya kuurudisha ukuta nyuma, na walioona ukirudi nyuma, hata kama ni kidogo, ni waliopewa dawa za presha na kolesteroli. Na milimita tuziache. Mwaka 2004, utafiti wa Uingereza na Ireland uliwapa watu 2,838 wenye kisukari, wasiokuwa bado na ugonjwa wa moyo, ama atorvastatini ya miligramu 10 ama kidonge kisicho na dawa. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 48 kwa waliopewa dawa, na utafiti ukafungwa karibu miaka miwili kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana wazi. Watu hao walifanana na wewe.

Utaambiwa atorvastatini inapandisha sukari. Ni kweli, kidogo sana, na faida yake kwa mishipa ni kubwa mara nyingi kuliko hasara hiyo. Utaambiwa inauma misuli. Kwa wachache inauma, na ikitokea unamwambia daktari, anapunguza au anabadilisha. Kwa mtu mwenye kisukari, presha na sigara, tunataka kolesteroli mbaya ishuke chini ya 1.8 ikiwezekana. Upo mbali na hapo, na chakula peke yake hakitakufikisha.

Kwenye presha nina la kujivunia, kwa sababu ushahidi umetoka kwetu. Uganda ilikuwa moja ya nchi sita za Afrika, pamoja na Kenya, Nigeria, Kameruni, Msumbiji na Afrika Kusini, zilizoshiriki utafiti wa CREOLE. Wagonjwa Waafrika 728 walipewa dawa mbili mbili za presha, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake, iwe na hidroklorotiazaidi au na perindopirili, ulishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Kwa mwenye kisukari, daktari atapima pia protini kwenye mkojo. Ikiwepo, atataka dawa ya kundi la perindopirili iwemo, kwa ajili ya kulinda figo. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, hasa kwa mtu anayekaa kwenye kiti saa kumi. Ukiona hivyo usiiache kimyakimya kama ulivyofanya na metformini. Sema.

Lakini kipimo kimoja cha presha hakitoshi kusema una ugonjwa. Huenda uliwahi kliniki baada ya kuendesha usiku kucha. Pima tena siku mbili tatu tofauti, umekaa kitako dakika tano, hujavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Ikibaki juu ya 140/90, anza dawa.

Nirudi kwenye glibenklamidi, maana hapa naogopa kuliko kwingine kote. Dawa hii hulikamua kongosho litoe insulini, iwe umekula au hujala, na nguvu yake hudumu muda mrefu. Mtu wa ofisini aliyechelewa chakula atatetemeka na kutoka jasho, atatafuta chai ya sukari, mambo yaishe. Wewe umemeza asubuhi, ukategemea kula ukifika kwenye mizani ya Mariakani, foleni ikakushika, na sasa una tani nyingi nyuma yako kwenye mteremko. Sukari ikianguka, ubongo ndio wa kwanza kukosa chakula: macho yanafifia, uamuzi unachelewa, na mara nyingi mwenyewe hujui kwamba hujui. Tena, "kusikia sukari imepanda" si kipimo. Uchovu wa safari, kiu ya joto la njiani na wasiwasi vinafanana kabisa na sukari iliyopanda, na vinaweza kuwa ni sukari inayoshuka. Ukimeza kidonge hapo, umejisukuma shimoni.

Kwa kazi yako ningependa daktari aongeze kipimo cha metformini polepole, kwa sababu uko kwenye gramu moja tu kwa siku na wengi hufika mbili, kisha akutafutie mbadala wa glibenklamidi. Mwombe hivyo, na umwambie waziwazi kwamba unaendesha lori. Mpaka hapo, nunua mashine ya kupima kwa tone la damu, upime kabla ya kuwasha injini na kila saa mbili za mwendo. Ikiwa chini ya 5 (kwa mashine inayosoma milimoli kwa lita), usiondoke mpaka ule. Ikiwa chini ya 4, au ukianza kutetemeka, egesha, zima injini, kunywa soda yenye sukari au glukosi ya unga, kisha kula kitu kigumu kama mandazi au ndizi. Pima tena baada ya dakika 15. Hata ikisharudi, subiri dakika 45 kabla ya kushika usukani, maana akili huchelewa kurudi kuliko sukari.

Metformini yenyewe ina mambo machache ya kujua. Inaweza kuvuruga tumbo mwanzoni, ndiyo maana tunaimeza na chakula. Haiharibu figo, ingawa wengi wanaamini hivyo. Ni figo zilizoharibika tayari ndizo zinashindwa kuitoa, kwa hiyo tunazipima kila mwaka. Siku ya kuhara na kutapika sana isimamishe mpaka upone. Na ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, ambayo upungufu wake hutia ganzi miguuni, ganzi inayofanana na ya kisukari. Kama nyayo zako zimeanza kufa ganzi, taja.

Mululuza na mlonge sikukatazi kama mboga. Mlonge ni mboga nzuri. Ila hakuna aliyeonyesha kwamba mululuza inazuia mshtuko wa moyo wala kiharusi, na mchanganyiko wa mululuza nyingi na glibenklamidi unaweza kuishusha sukari kwa namna isiyokadirika. Isikae mahali pa kidonge.

Chakula cha barabarani nakijua. Posho, yaani ugali, mlima mzima na nyama kidogo, chapati mbili na mayai, soda ya kuondoa usingizi. Soda ibaki kuwa dawa ya sukari iliyoanguka. Posho iwe ngumi moja, maharagwe na dodo (mchicha) ziwe nyingi, chumvi ipungue kwa sababu ya presha. Na sigara tano sita usizione ndogo. Hatari ya moyo haishuki kwa mpangilio wa idadi ya sigara. Hata chache zinabeba sehemu kubwa ya madhara. Kuziacha hakukugharimu hata shilingi, na hakuna kidonge nilichokitaja hapa kinachofanya kazi vizuri ndani ya moshi.

Jambo moja dogo kuhusu ile 8.6. Katika Uganda watu wengi wana chembechembe ya selimundu ya kurithi kwa mzazi mmoja bila kuugua, na eneo lenu la mashariki ni mojawapo ya yanayoongoza. Hali hiyo inaweza kufanya kipimo cha miezi mitatu kisome chini kuliko ukweli. Kama vipimo vya kidole viko juu siku zote kuliko karatasi inavyosema, mwambie daktari, na mvifuate vya kidole.

Kabla ya safari ijayo, nenda hospitali ya Tororo, au Mbale kama unahitaji mtaalamu. Beba karatasi ya skani na pakiti zote za dawa, hata zilizokwisha. Omba presha ipimwe upya, figo, protini kwenye mkojo, macho yaangaliwe kwa ndani na miguu ikaguliwe. Kisha uliza kwa sauti: "Je, nianze dawa ya presha na atorvastatini?" Vidonge vya serikali vikikosekana, omba uandikiwe kwa jina la dawa lenyewe ununue ile ya bei nafuu. Fedha ya skani ya pili iende huko. Na kama ukitembea ndama za miguu zinakukaza mpaka usimame, au una kidonda cha mguu kisichopona wiki mbili, usingoje safari iishe.

Yapo mambo ambayo hayangoji hata saa moja. Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama au kutoka ovyo, jicho moja kuingia giza kama pazia limeshuka: ni kiharusi, au onyo lake. Hata kama vikipita baada ya dakika kumi ukajisikia mzima, nenda siku hiyo hiyo kwenye hospitali kubwa iliyo karibu, kwa gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Kifua kubana kwa uzito unaopanda shingoni au kushuka mkononi, vivyo hivyo.

Na kwa kuwa wewe mwenyewe huenda usijue yanapotokea, mfundishe tanboi wako. Mwonyeshe ilipo soda na glukosi ndani ya kabati la gari, mfundishe kutumia mashine ya kupima, mwambie kwamba siku utakapoanza kuongea kama mlevi hali hujanywa, kazi yake ni kukulazimisha uegeshe, hata ukimfokea.